Mgeni wetu Mjerumani hataki Krismasi ya Ukerewe, nifanyeje?

Anti habari za kazi, kama umenizidi umri basi shikamoo. Huwa nasoma majibu yako kwa watu usiku nikishafunga hesabu za duka, sikuwahi kufikiria na mimi ntaandika, ila hili limenikaa kifuani na pa kulisemea sina, maana kila nikimwambia mtu hapa mtaani ananijibu "we si una mzungu ndani, unalia nini".

Mi ni mama wa watoto watatu, tunaishi Buhongwa hapa Mwanza, nauza vitenge pale sokoni Makoroboi, mume wangu ni fundi magari na kwao ni kisiwani Ukerewe. Mwezi wa tisa tulipokea binti wa Kijerumani, ana miaka 19, amekuja kujitolea mwaka mzima kwenye shule ya chekechea, wale vijana wanaoletwa na mashirika afu wanakaa na familia. Shirika linatupa hela kidogo ya chakula kila mwezi, sio nyingi, na kijana wangu mkubwa tukamhamishia sebuleni ili mgeni apate chumba chake. Kwa kweli Anti huyu mtoto tulimpenda. Anakula ugali wa muhogo na sato bila kuchagua, amejifunza kufua kwa mkono, na yule wangu wa mwisho akitoka shule haulizi mama yuko wapi, anauliza dada yuko wapi. Mama yake huko Ujerumani alinipigia video akawa ananishukuru mpaka machozi yanamtoka, mi Kijerumani sijui na Kiingereza changu ni cha dukani, ila tulielewana.

Shida imeanza ulipoingia huu mwezi wa kumi na mbili. Kwanza akawa anajifungia chumbani, akitoka kazini ni moja kwa moja kitandani na simu, chakula anagusa kidogo anasema ameshiba. Ile Jumapili ya kwanza ya Majilio tumetoka kanisani (yeye kanisani haendi, alikuja mara moja tu) nikamkuta amekaa ukingoni mwa kitanda analia, namuuliza anasema sio kitu. Mi nikashangaa, mtu ambae kanisa hana habari nalo Majilio inamliza nini? Siku nyingine akaniuliza kama tuna oveni anataka kuoka vibiskuti vya Krismasi, nikamwambia oveni hatuna ila usijali tutanunua keki mjini, akasema sawa akarudi chumbani.

Sasa sisi kila mwaka Krismasi tunaenda kwa mama mkwe Ukerewe. Tunapanda meli ya mchana tarehe 24, nikishauza kidogo asubuhi maana siku hiyo ndo siku ya biashara, tunafika Nansio jioni tunatafuta usafiri mpaka kijijini. Mama mkwe tangu mwezi wa kumi ameshatenga mbuzi, kijiji kizima kinajua mwaka huu tunakuja na mgeni, mpaka wajomba wa mume wangu wanatoka kisiwa cha Ukara kuja kumuona. Juzi mezani mume wangu akamwelezea binti hiyo safari, kwa furaha kabisa. Binti akanyamaza, afu akauliza kama ni lazima na yeye aende. Anti nilihisi kama nimemwagiwa maji ya baridi. Mezani pale pale, watoto wanasikia. Afu akasema wenzake wanaojitolea hapa Mwanza na wengine walioko Dar wamepanga kwenda Zanzibar wanaondoka tarehe 22, labda ataenda nao, au labda atabaki nyumbani peke yake apumzike.

Tangu siku hiyo nyumba haina amani. Mume wangu anasema binti asipokuja mama mkwe atajua mimi ndo nimemshindwa mgeni. Wifi yangu kaambiwa sijui na nani, kaanza maneno kwamba sisi hela ya mzungu tunajua kula ila kumlea hatujui, na hilo Anti limeniuma kuliko yote kwa sababu ile hela hata mchele wa mwezi haimalizi. Kumwacha peke yake Buhongwa msimu huu wa wezi siwezi. Zanzibar akienda akapata shida mi ntamwambia nini mama yake aliyelia kwenye video? Na kumburuza kwa nguvu mtu mzima wa miaka 19 nayo sioni kama ni sawa.

Nimefikiria hata familia iende na mi nibaki nae Mwanza, ila hapo mama mkwe ndo hatanielewa milele. Nishauri Anti, hata ukinigombeza sawa.

Mama wa Buhongwa

*

Mama wa Buhongwa, mama mwenzangu, pole sana na asante kwa kuandika. Sina cha kukugombeza. Barua yako nimeisoma mara kadhaa na kila mara naona mwanamke aliyetoa chumba cha mwanae akampa mtoto wa mtu, halafu leo anaambiwa hajui kulea. Hayo yanauma na una haki ya kuumia.

Nikikuelewa vizuri una mambo mawili yamefungwa kwenye fundo moja. Kuna binti ambae kabadilika tangu Desemba ianze na hujui ana nini. Na kuna safari ya Ukerewe ambayo watu wengi wameshaisubiri, mkweo, mumeo, wajomba wa Ukara, na jina lako liko hapo. Nadhani haya yamekuumiza zaidi kwa sababu yamekuja kwa pamoja mezani usiku mmoja, mbele ya watoto. Tuyatenganishe kidogo kama utaniruhusu.

Umeandika kichwa cha barua kwamba mgeni "hataki" Krismasi ya Ukerewe. Ila nikirudi kwenye maelezo yako mwenyewe, binti hakusema hataki. Aliuliza kama ni lazima, halafu akataja vitu viwili akaweka "labda" mbele ya vyote. Huyo ni mtu ambae bado hajui anachotaka. Najua kwetu mgeni akikaribishwa kwa bibi anasema asante hata kama moyoni hataki, kukataa atakataa baadae kwa kisingizio cha tumbo. Watoto wengi wa kule wamelelewa kuuliza kwanza, wazi wazi, na kwao kuuliza hivyo sio kumdharau aliyewakaribisha. Inawezekana alipouliza hakuwa na habari kabisa kwamba kuna mbuzi ametengwa tangu Oktoba. Je, kuna mtu alimwambia hilo kabla? Kwenye barua yako sijaona.

Sasa kuhusu kulia kwake. Umeshangaa mtu asieenda kanisani analizwa na nini na Majilio, na ni swali zuri kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Ujerumani watu wengi hata wasiokanyaga kanisani Krismasi wanaishika sana, kwao ni sikukuu ya nyumbani. Inaanza hiyo hiyo Jumapili ya kwanza ya Majilio, wanaweka mezani shada lenye mishumaa minne, kila Jumapili unawashwa mmoja zaidi, mama na watoto wanaoka vibiskuti wanaweka kwenye makopo, tarehe 6 Desemba ni siku ya Mtakatifu Nikolasi watoto wanaacha viatu mlangoni wanakuta pipi asubuhi. Nje ni baridi na giza linaingia kwenye saa kumi na nusu jioni, kwa hiyo hayo yote yanafanyika ndani, watu wakiwa wamebanana karibu karibu. Huyo binti kalelewa hivyo kila mwaka wa maisha yake. Mwaka huu Desemba imemkuta Mwanza, mvua na joto, maembe yamejaa sokoni, kila mtu anakimbizana na biashara, na hakuna kitu kinachomwambia kwamba sikukuu inakaribia. Alipokuuliza oveni nadhani alikuwa anatafuta kale kamchana ka kuoka na watu wa nyumbani kuliko kibiskuti chenyewe. Wewe ulimjibu kwa ukarimu, keki ya mjini sio kitu kidogo, ila yeye alikuwa anatafuta kingine na labda hata kukielezea hakuweza.

Na kuna hili ambalo ningeomba umwambie mumeo pia. Kwao Krismasi kubwa ni jioni ya tarehe 24. Maduka yanafungwa mapema mchana, watu wanarudi nyumbani, na jioni hiyo ndo mti unawashwa taa, zawadi zinafunguliwa, familia inakula pamoja, nyumba nyingi ni saladi ya viazi na soseji tu, chakula kikubwa kinangoja kesho yake. Tarehe 25 na 26 ni mapumziko na kutembelea ndugu. Kwetu ni tofauti kabisa, tarehe 24 mtu yuko saluni, yuko kwa fundi nguo, wewe uko Makoroboi unauza mpaka dakika ya mwisho, sherehe ni 25 baada ya misa. Sasa angalia ratiba yenu. Saa kumi na mbili jioni ya kwao ni saa mbili usiku ya kwetu, na saa hiyo nyie mtakuwa mmetoka melini Nansio na mizigo mnatafuta usafiri wa kijijini. Mama yake na ndugu zake wamekaa mezani wanataka kumuona kwenye simu, na yeye yuko barabarani gizani amebeba begi, hajui kama mtandao utashika. Sisemi hilo ndo linalomsumbua, sijaongea nae. Nasema ni kitu ambacho kwenu hakionekani kabisa na kwake kinaweza kuwa ndo kila kitu.

Kuna kingine ambacho mtu wa pwani ya ziwa hukisahau kwa kuzoea. Huyu binti akiandika neno Ukerewe kwenye simu yake haitachukua muda atakutana na habari za kivuko cha MV Nyerere, kile kilichopinduka Septemba 2018 karibu na Ukara na kuua watu zaidi ya 200. Akiendelea kusoma atakutana na meli ya MV Bukoba iliyozama 1996. Sisi tumelia tumezika na tumeendelea kusafiri kwa sababu ndugu zetu wako ng'ambo ya maji. Yeye anasoma peke yake usiku chumbani. Inawezekana anaogopa meli na anaona aibu kusema mbele ya mumeo ambae amekulia kwenye hayo maji. Kama ni hilo, mnaweza kuzungukia Bunda mpaka Kisorya, kile kipande cha maji cha kwenda Rugezi upande wa Ukerewe ni kifupi, japo barabara ni ndefu na nauli inaongezeka kwa familia nzima.

Kwa hiyo mama, kabla ya kufikiria nani aende wapi, ningetamani muongee, wewe na yeye tu. Mezani hapafai tena, na mlangoni kwake ukiwa umesimama napo hapafai. Mpe kazi ya mikono, mchambue mchele au mtoe dagaa mawe, umuulize Krismasi ya kwao ikoje, akuonyeshe picha, na umsikilize mpaka amalize hata kama Kiswahili chake kinayumba. Halafu na wewe umwambie yako, kwamba mkweo katenga mbuzi, kwamba wajomba wanavuka maji kuja kumuona, na kwamba alipouliza vile uliumia. Mwambie hilo la kuumia, usilimeze. Vijana hawa wanakubali kuambiwa ukweli kuliko tunavyodhani, na huenda hajui kabisa kwamba tangu siku ile unalala vibaya.

Tukija kwenye njia zenyewe, kila moja ina gharama na wewe ndo unazijua gharama za nyumba yako.

Akikubali Ukerewe kwa moyo wake itakuwa furaha ya kijiji, ila ajue anachoendea. Watoto watamshika nywele, watu watakuja kumuangalia anavyokula, na kwa mtu ambae tayari ana huzuni kuangaliwa kutwa nzima kunachosha sana. Atahitaji kona ya kujificha hata nusu saa, na mtu wa kuwaambia wageni "mwacheni apumzike" bila mkweo kuona ni dharau. Nani atafanya hiyo kazi? Na ile jioni ya 24 mtaifanyaje, mnaweza kuondoka 23 ili ikifika mmeshatulia? Hapo najua nakugusa mfukoni, tarehe 24 Makoroboi ni pesa ya ada ya Januari. Au yeye na mumeo na watoto watangulie wewe ufuate? Au wote muondoke 25 alfajiri na mkweo aelezwe mapema? Usichukulie kama nakuamulia, nayataja tu ili muyapime.

Zanzibar na wenzake sio kukimbia familia yako. Wale ni watu pekee hapa nchini ambao hana haja ya kuwaelezea kwanini analia, na kukaa nao sikukuu kunaweza kumrudisha kwenu akiwa mzima kuliko alivyo sasa. Ila hofu yako sio ya bure. Kutoka Mwanza mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 1,100, mwisho wa mwaka mabasi yanajaa na nauli za kulangua zinaanza, hata wakishuka Dodoma wakachukua treni ya SGR tiketi za msimu huu zinagombewa, bado boti, na vyumba Zanzibar wakati huo bei inapanda sana. Unaweza kuuliza maswali ya mzazi bila kumzuia, kwamba wanalala wapi, wako wangapi, namba ya mwenzake mmoja, anarudi lini. Vijana wanaokuja kwa utaratibu huu kwa kawaida wana siku za likizo na kuna mtu wa shirika hapa nchini anaewasimamia, kwa hiyo ruhusa ya safari na usalama wake sio mzigo wako peke yako. Muulize ameshamwambia huyo msimamizi? Sikushauri umpigie mama yake Ujerumani kimya kimya kabla hujaongea na binti mwenyewe, ana miaka 19, akigundua mmemjadili mgongoni hiyo imani itachukua muda mrefu kurudi.

Kubaki peke yake Buhongwa na mimi naliogopa kama wewe, na sio kwa ajili ya wezi tu, mtu mwenye huzuni kukaa kwenye nyumba tupu siku ambayo mtaa mzima unapiga muziki ni kitu kigumu. Ila sikia vizuri alichosema, alisema apumzike. Labda anaomba siku moja au mbili za kimya, na hizo mnaweza kumpa hata kabla ya sikukuu.

Kuhusu wewe kubaki nae familia ikaenda, umelisema kwa mstari mmoja ukalipita, nami naogopa kidogo jinsi ulivyolipita. Ukifanya hivyo kwa hasira au kwa kujitoa mhanga yeye ataliona, atajihisi amevunja Krismasi ya watoto wako. Ukifanya kwa kupenda ni habari nyingine. Wewe unajua utakuwa upande upi.

Halafu mkweo. Ahadi kwa kijiji ilitolewa kabla binti hajaulizwa, na hilo sio kosa la mtu, ndivyo tunavyofanya kwetu mgeni akiwa wetu. Ila anaepaswa kwenda kuongea na mama ni mwanae wa kumzaa. Mumeo akimpigia akamwambia "mama, mtoto wa watu anakumbuka kwao, huenda akaja sikukuu yenyewe au akaja Januari", hiyo sauti itapokelewa kuliko ikitoka kwako, na mbuzi wa Januari ni mbuzi yule yule. Umewahi kumuomba mumeo afanye hivyo, au umekuwa ukisubiri lawama zije kwako? Wifi na maneno yake ya hela usimpigie hesabu zako za mchele. Anaejua chumba kilitoka kwa nani ni kijana wako anaelala sebuleni, na huyo ndo wa kumshukuru msimu huu, naona kwenye barua yote hakuna aliyemuuliza yeye anaonaje.

Nikukumbushe na hili kwa upole. Kukumbuka kwao ni kawaida na mara nyingi kunapungua sikukuu zikipita. Ila ukiona haendi tena kazini, hali kabisa, hasemi hata na yule mdogo anaemuita dada, hapo usisubiri Krismasi ipite, mwambie msimamizi wa shirika siku hiyo hiyo. Hutakuwa unamsemea vibaya.

Na vibiskuti mama, oveni haihitajiki. Unajua mwenyewe keki za mtaani tunavyooka, sufuria yenye mchanga chini, moto mdogo, mkaa juu ya mfuniko. Unga, siagi, sukari, mayai, mwachie yeye aongoze na watoto wamzunguke, Jumapili mkitoka kanisani. Siagi inunue ya kutosha maana vya kwanza vitaungua mpaka mzoee moto. Mjerumani kukaa na familia hapa Mwanza sio jambo geni, mji wetu na Würzburg ni miji dada tangu 1966, nina hakika kuna mama mwingine Nyegezi au Kirumba amepitia Desemba kama yako, msimamizi wa shirika anaweza kukuunganisha nae mkaongea wawili kwa Kiswahili chenu bila kuogopa kuonekana mmeshindwa.

Fanyeni hayo maongezi wiki hii kama mnaweza, kabla tiketi za meli hazijaanza kugombewa na kabla wenzake hawajalipia vyumba Zanzibar, ili chochote mtakachokubaliana kiwe bado kinawezekana. Na akikuambia kitu ambacho hatukukifikiria humu, niandikie tena.

Anti